Barua Zisizo na Bahasha

Mkuyuni, Mwanza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna mlio ambao hauniachi, wa printa ya ofisini kwetu ikichapa, kama mtu anayechana gunia polepole. Jumapili niliusikia hadi kanisani, padre akihubiri. Je, kifua cha Mama kinaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi mwili hauna shida.

Uliniuliza hiyo barua pepe ni kazi gani. Ofisi ina kompyuta moja na anwani moja, wateja wote tunawapokelea humo, kama kijiji kizima kilivyotumia sanduku la posta la parokia. Mtu analeta maneno yake kwenye karatasi, mimi nayapiga chapa na kuyatuma kwa njia ya simu. Jibu likija nalichapa, nalikunja, naandika jina lake juu. Lakini wewe, Baba, ulipokuwa ukigawa barua baada ya misa, zilikuwa zimefungwa. Mimi kila moja lazima niisome.

Baada ya Pasaka alikuja bwana mmoja amevaa kaunda suti, akasema ametoka serikalini. Alitaka nakala za barua za Mzee Mashauri, karani wa mizani katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mzee huyu huwaandikia watu wa ng'ambo kuhusu wenzake wanaofukuzwa kwa kudai chama cha wafanyakazi.

"Kibali cha mahakama kiko wapi?" nikamwuliza.

Akamgeukia bosi wangu. "Kumbe huyu binti yako amesoma! Kibali cha nini, mama? Umeona nimechana bahasha ya mtu?"

Bosi akacheka naye. Alipoondoka akaniambia, "Koku, chapa mbili mbili. Leseni yangu unajua nilivyoihangaikia."

Nikachapa, zake zilizotoka na zilizoingia, na yule bwana akawa anazichukua. Majuma matano, Baba.

Nilimwendea wakili. Akasema Katiba inalinda mawasiliano ya mtu, na anayetaka kuyaingilia lazima aonyeshe sheria inayomruhusu.

"Basi yule hana," nikasema.

"Hana. Sasa utamshtaki kwa ushahidi gani? Na kesho yake utafanya kazi wapi?"

Nikamshukuru, nikarudi kazini kuchapa.

Juma lililopita Mzee Mashauri aliitwa kituoni. Walimsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, na kiwandani wamekwisha kumwachisha kazi. Alikuja kuchukua jibu lake, akaketi kwenye benchi akiwa amevua kofia.

"Mwanangu, nimekuwa mjinga. Zile karatasi nilikuwa namwonyesha mkwe wangu kabla ya kuzileta kwako. Nani mwingine aliyeziona? Nimemfukuza. Binti yangu naye amebeba mtoto amemfuata, wako kwao Nansio." Kisha akanitazama. "Afadhali wewe. Wewe unajua kutunza siri."

Kumfukuza mkwe, Baba, unaujua uzito wake. Na mimi nilimpa jibu lake, nikamwambia pole, mzee. Pole tu.

Siku nne nimejiuliza. Nikiacha kazi, atakaa mwingine kwenye kiti changu na atachapa. Nikimkatalia bosi, matokeo ni hayo hayo. Yule bwana wa kaunda suti hata jina lake silijui. Sioni mlango wowote ambao mtu kama mimi anaweza kuubisha.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeangalia kahawa, na mdogo wangu aliye sekondari; mwambie asome kwa bidii, ingawa sasa sijui namwambia hivyo kwa faida gani. Barua hii usiwasomee. Isome peke yako.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Mzee Mashauri, Mabatini. Nilimwambia, mkewe akisikia, kwamba mkwe wake hana kosa, ni mimi niliyetoa barua zake zote. Mkewe ndiye aliyesimama, akajifunga kanga ya pili, akaniuliza meli ya Nansio inaondoka saa ngapi.

Ni mimi mwanao,
Koku