Kanda Thelathini na Nane za Baba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu utuachie tarumbeta, kinasa sauti na kanda thelathini na nane. Ulitupa kazi, mzee wetu.

Mchana ulikuwa fundi saa. Skrubu zako ulizipanga kwenye visahani, na ole wake atakayezigusa. Lakini kanda ulizorekodi jukwaani, miaka yote bendi ilipokuwa ikizunguka nchi za watu kupiga jazi ya zamani, uliziandika “Nzuri”, “Nzuri kiasi”, “Hii pia”. Mji gani? Mwaka gani? Hukuona haja. Na kinasa sauti ulikiweka miguuni pako, basi tarumbeta inatupasua masikio, wenzako wanasikika kama wako chumba cha pili. “Hata kaburini hampi mtu nafasi,” Mama alisema.

Ukirudi safari ulitukalisha sebuleni na kutueleza hata makofi: hapa walisimama, hapa bibi mmoja alilia. Mkweo akisinzia, ulimfunika blanketi, ukapunguza sauti. Kidogo tu.

Ila hili la Kishindo, Baba! Mpiga dramu wako, rafiki yako tangu shule. Ulisimamisha wimbo katikati, ukumbi umejaa, ukamkaripia kwamba kachelewa kuingia. Aliacha bendi. Miaka tisa hamkusemezana. Tulikusihi tukachoka. “Asiyejua kuhesabu ndiye aombe radhi,” ulijibu, ukarudi kwenye saa zako.

Mwezi uliopita tuliikuta kanda ya siku ile, ya thelathini na nane, nyuma ya kabati. Juu yake, kwa mwandiko wako: “Aliyekosea ni mimi. Niliwahi.”

Tulimwita Kishindo. Alisikiliza akihesabu kwa kidole gotini. Tarumbeta ikaingia kabla ya zamu yake, kisha sauti yako, ukifoka. Aliirudisha mara tatu.

“Alijua,” akasema. “Mbishi huyu alijua!”

Akacheka, akacheka, mara kicheko kikageuka kilio, Mama akamshika mkono.

Baba, anakaa mtaa wa pili. Dakika kumi kwa miguu! Uliwezaje kuiambia kanda, ukashindwa kumwambia mwenyewe? Tumekukasirikia, hatufichi. Tumekukasirikia na bado tunakulilia.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mwanao, mkweo, wajukuu na wanabendi wote. Kishindo ameomba awekwe upande wa ndugu, si wa marafiki. Tumemweka.

Hutatutoka moyoni kamwe, mbishi wetu.