Nafula, Samaki Wako Walizaa

Nafula, mtoto wa dada yangu,

Ni mjomba wako wa Nakuru anakuandikia, yule yule wa maneno mengi. Mkono wangu unaujua, mkono wa darasa la tatu, kwa hiyo usinicheke pale herufi zimelala. Najua huko uliko posta haifiki. Naandika hata hivyo, kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kumwambia mtu aliye hai.

Unakumbuka siku niliyoleta lile sanduku la kioo? Yule karani Mgoa wa stesheni alikuwa anarudi kwao Goa. Nilikuambia alinishika mkono akasema, "Chukua, wewe peke yako ndiye ninayekuamini." Uwongo. Aliuliza watu wanne wakakataa, mimi nikawa wa tano. Nikabeba sanduku kichwani na samaki ndani ya debe, kutoka nyumba za makarani mpaka landi yetu, zile nyumba za mstari za watu wa reli, na nilipofika mlangoni nikakutangazia kwamba hao walikuwa samaki wa mfalme.

Ukachungulia debe. "Mjomba, mfalme gani anafuga samaki wadogo kama kidole?"

"Mfalme mpole."

Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Lakini wapole walikuwa kweli. Wale wa mkia kama kanga, wale weusi, na wale wekundu wenye mkia wa upanga, wote maji mamoja na hakuna aliyemgusa mwenzake. Nje ilikuwa ile miaka mibaya ya Hali ya Hatari. Askari waliingia landi wanavyotaka, wakauliza kipande, wakapakia watu kwenye lori, na mlango wa tatu kutoka kwetu ukabaki na kufuli mwaka mzima. Wewe ulikuwa unarudi kutoka darasa lako la cherehani kanisani, unavuta kigoda mbele ya kioo, unakaa tu. Siku moja ukauliza, "Hawa hawajui kupigana?"

Nikasema ni mimi niliyewafundisha adabu. Nilisema pia niliwahi kusimamisha treni ya mizigo kule Mau kwa kupiga mluzi. Hukubisha. Ulisema tu, "Basi wapigie mluzi na askari."

Hao samaki hawatagi mayai, wanazaa watoto wazima, wanatoka wakiogelea. Mara ya kwanza mama alizaa, kisha akageuka akaanza kuwameza. Ulilia, Nafula. Kesho yake ulishuka mpaka mto Njoro ukarudi na majani ya maji, ukayapanda kwenye mchanga ili watoto wapate pa kujificha. Watu wa landi walisema msichana huyu wa Baluhya amerogwa na samaki. Mimi nilijivuna nikasema ni akili ya ukoo wetu.

Halafu ikaja Julai ile. Baridi ilishuka kutoka Menengai, ukungu ukakaa mpaka saa tano. Mgoa alikuwa ameniambia maji yakipoa samaki hawa wanakufa, na kwake kulikuwa na taa ya umeme juu ya kioo. Landi haina umeme. Yule mwekundu alikuwa amejaa tumbo, alama nyeusi chini yake imekuwa kubwa, ukaniambia atazaa siku hiyo hiyo. Uliomba usiende cherehani.

Nikasema, mjomba wako hashindwi na baridi. Nikawasha jiko la makaa nje mpaka likaiva, nikaliingiza ndani, nikaliweka chini ya sanduku. Nikaziba dirisha kwa gunia. Baba Akinyi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa anapiga mswaki mlangoni.

"Bwana, jiko ndani na dirisha umeziba? Hiyo hewa itamdhuru mtoto."

Unajua nilivyomjibu. Sauti kubwa, landi yote isikie. "Wewe unashika fagio la stesheni, mimi nimekula moshi wa treni miaka kumi na mbili! Makaa yakishaiva hayana moshi, hayana neno." Watu wakacheka. Nikaona nimeshinda.

Ukaniambia, "Mjomba, kichwa kimeanza kuniuma." Nikasema ni njaa, kunywa chai. Na neno la mwisho nililokuambia, nikiwa nimeshika kofia yangu, ni hili: "Usifungue huu mlango mpaka nirudi, baridi isiingie."

Ulikuwa mtoto wa kusikia. Hukufungua.

Nilirudi saa kumi na moja jioni. Ulikuwa umelala chini, mkono kwenye kigoda, uso umeelekea kioo. Maji yalikuwa vuguvugu. Katikati ya majani kulikuwa na watoto, wengi, wadogo kama mbegu za wimbi, na macho yao yote yanaonekana.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kabla sijaita mtu yeyote, nililitoa jiko nje. Nikang'oa gunia dirishani. Ndipo nikapiga kelele. Daktari aliniuliza swali moja tu, "Jiko lilikuwa wapi?" Nikasema nje. Baba Akinyi alikuwa amesimama pale. Alinitazama, akatazama chini. Mpaka leo ananisalimu tu na kupita.

Na mama yako, siku tulipokufikisha nyumbani, alinishika shati akaniuliza ulisema nini mwishoni. Nikamwambia nilikuwa nimekushika mkono, ni homa ya ghafla, na ulisema, "Mwambie mama asilie." Hukusema hayo. Hakukuwa na mtu wa kukusikia. Lakini yeye ameyabeba hayo maneno kanisani na sokoni, na kweli halii. Hadithi zangu zote hazikuwahi kuaminiwa, Nafula. Hiyo moja imeaminiwa.

Juzi barua yake imefika. Anasema kwa vile nilikutunza vizuri, ananiletea Nasimiyu, mdogo wako, aje asome cherehani hapa. Anataka afike kabla ya Julai. "Yeye naye anaogopa baridi," ameandika, "lakini najua wewe utamfunika."

Nimeisoma nikaenda stesheni kuomba ruhusa.

Nina pasi ya treni ya Jumamosi. Nitakwenda mwenyewe. Nitamwambia mbele ya watu kwamba jiko lilikuwa ndani, na kwamba ni mimi nilikuambia usifungue. Maneno yako ya mwisho nitamnyang'anya. Ataanza kulia, na sitakuwa na la kumpa badala yake.

Barua hii siifungi. Naiacha kwa Baba Akinyi, aisomee landi nzima nikishaondoka, ili nikiogopa njiani nisiwe na pa kurudi.

Samaki nimempa yeye. Aliuliza usiku wa baridi awalazeje. Nikamwambia, dirisha wazi, wakifa na wafe.

Lala, mama.

Mimi mjomba wako, niliyefunga mlango.