Mlango wa Stoo

Shoga, nimejifungia chooni hapa karakana. Usipige, siwezi kuongea.

Unaukumbuka ule mlango wa chuma wa stoo yetu? Kutu ilishaula, baba akataka kuupeleka kwa watu wa vyuma chakavu, mama akakataa katakata. Nikajitia fundi. Nikawaambia tunajifunza kusafisha kutu kwa mwanga wa leza, bila dawa, bila msasa, chuma kinatumika tena.

Leo nimeusafisha. Upande wa nje ukang'aa, mwalimu akanisifu mbele ya wote. Tukaugeuza, miwani ikiwa bado machoni. Miwani ya leza ni ya kijani, shoga. Ukiivaa, kutu na rangi nyekundu ni kitu kimoja.

Nimefuta mistari ya mama.

Ile mistari myekundu aliyokuwa akitupimia urefu, mimi na marehemu mdogo wangu. Miaka yote imekaa nyuma ya magunia, nilishaisahau. Nimeifuta kwa mkono wangu, huku natabasamu.

Mama amekuja kuuchukua sasa hivi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliuliza tu, "Na upande wa ndani umeusafisha?"

Nikasema ndiyo, mama. Ndiyo, shoga. Kwa maringo kabisa.

Akapiga magoti, akaupapasa mlango taratibu. Kidole kikasimama. "Mdogo wako alikuwa amefika hapa."

Kisha akakishusha kidogo.

"Au hapa."