Mkono Ulio Juu ya Spana

Kizuka, Rumonge, Burundi
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Neema,

Amahoro, ndivyo wanavyosalimiana huku na mimi nimeshazoea. Kifua cha mama kinaendeleaje? Neema na Baraka wanalala vizuri? Mvua imefika Katumba, au bado mnatazama mawingu? Mimi nipo, nakula, nalala.

Utaona mwandiko umebadilika. Usidhani nimeandikiwa na mtu. Kalamu naishika kwa kuiangalia, kwa sababu vidole vitatu vya mkono wa kulia havina hisia. Kwa simu nilikuambia nimeumia kidogo, mtandao ukakatika, na sikukupigia tena kumalizia. Uliniuliza jambo moja: shule zikifungwa uje na watoto, au usije? Sikukujibu kwa sababu sikujua kama bado nina kazi. Sasa najua. Nimefungua shajara yangu nikueleze kwa mpangilio.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni mashine ya kukamulia mawese. Chikichi zilizochemshwa zinamiminwa katika pipa la chuma lenye matundu, watu wanasukuma mti kuzunguka, skrubu inashuka, mafuta yanatoka. Juu kuna boriti ya chuma iliyoshikwa na nati nne kubwa. Kila asubuhi nati hizo lazima zikazwe. Zikilegea, boriti inaruka na ule mti unawarudia wanaousukuma. Wengi wao ni akina mama.

Siku niliyoumia, spana ya saizi yake, ile ya pete inayoizunguka nati yote, ilikuwa imeazimwa na jirani. Nikapewa spana malaya. Niwie radhi, ndivyo mafundi wa kwetu wanavyoiita kwa kuwa inakubali kila nati. Huku spana yoyote ni kle. Hiyo taya zake zimechakaa, haibani. Na huku kila kitu kina mawese: mpini, nati, viganja, hata noti za faranga. Upande wa kuvutia kulikuwa na magunia, kwa hiyo niliisukuma. Ikateleza. Uzito wangu wote ukaenda na mkono, na mkono ukaishia kwenye ukingo wa boriti. Nakumbuka niliangalia damu ikidondokea kwenye mawese, na havikuchanganyika.

Hospitalini walinishona. Nyuzi zilipotolewa, muuguzi akanichoma kwa ncha ya sindano, kidole kwa kidole.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Basi itarudia polepole, ao haitarudia," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Jioni nikapika ugali. Sufuria iliniunguza, nikajua kwa harufu. Tangu hapo hata mambo mengine siyasikii vizuri. Watu wakicheka, naona meno tu. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hivyo.

Nguvu ninazo, mkono unavuta kama zamani. Lakini fundi hajui kwa macho kama nati imekaza, mkono ndio unaomwambia. Ukizidisha bolti inakatika, ukipunguza inalegea katikati ya kazi. Mkono wangu ulikuwa hauniambii kitu.

Mwenye mashine ni mama mjane, tunamwita Patroni. Alingoja mpaka bandeji ikatoka, akaniambia, "Jumatatu utakaza mbele yangu. Nestori atapima nyuma yako. Kama haiko sawa, nitatafuta mutu mwingine, usinikasirikie. Hawa bamama bako na batoto."

Nestori ndiye mwenzangu kwenye mashine, mzaliwa wa hapa, mdomo mkali.

Jumatatu nilifanya kama nilivyofundishwa kwenye gereji ya Mpanda baada ya kidato cha nne. Nilisugua majivu kwenye viganja na mpini mpaka utelezi ukaisha, nikafuta nati kwa kitambaa.

"Mutanzania iko anaoga na majivu," Nestori akawaambia akina mama. "Anaenda kuoa?"

"Bibi yake iko Tanzania," mmoja akajibu, akimaanisha wewe.

"Basi anaoa kle."

Wakacheka. Mimi nikaondoa magunia. Nikachukua spana ya pete, ambayo jirani alikuwa ameirudisha, nikaikalisha juu ya nati mpaka chini kabisa. Nikasimama miguu imeachana, mahali ambapo hata ikiteleza ngumi haina pa kugonga. Kwa mkono wa kulia nikavuta kuja kwangu, taratibu, bila kushtua na bila bomba la kurefusha mpini. Wa kushoto ukakaa juu ya kichwa cha spana, kukibana kisichomoke. Hiyo ni kanuni ya kila fundi, nimeifuata miaka yote bila kuiwaza. Lakini kwenye nati ya pili kidole gumba cha kushoto kilisikia kitu: nati inatambaa, inatambaa, halafu inasimama, chuma kinatulia. Nikaacha kuvuta papo hapo. Nikarudi kwa ile ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeikisia tu. Ilikuwa bado. Nikaimalizia.

Nestori akapita na spana yake. "Hii imekaza. Hii imekaza. Na hii." Ya mwisho akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Imekaza. Lakini huyu mutu iko anachelewa, Patroni. Mpaka amalize, chikichi zitapoa."

"Zipoe, tutachemsha tena," akasema Patroni. "Wewe uko unachelewa kumaliza kula, nani anakusema?"

Akina mama wakashika mti, wakaanza kuzunguka. Boriti haikusogea. Nilisimama pale macho kwenye nati mpaka pipa lile likaisha. Nilipaswa kufurahi. Nikaandika kwenye shajara, "Zimeshika," nikaifunga.

Kwa hiyo kazi ipo, na jibu langu ni njooni. Nestori ataendelea kupima nyuma yangu mpaka Patroni aseme basi, wala sioni vibaya. Mvuke mpaka wa Manyovu mapema, magari ya kuja huku huwa machache mchana. Sufuria zipo, usibebe. Cherehani ibebe. Watoto watarudishwa darasa kwa ajili ya Kirundi na Kifaransa, waambie mapema ili wasilie wakifika.

Nisalimie mama, na mzee wa kanisa aliyetufungisha ndoa, na jirani yetu muuza dagaa. Msalimie kaka yako fundi baiskeli, na umwambie avute spana, asiisukume. Ikimlazimu kusukuma, asukume kwa kitako cha kiganja, vidole vikiwa wazi.

Jambo la mwisho. Mtakaposhuka garini hapa Rumonge, nitawapa mkono wa kushoto. Najua tulivyolelewa kuhusu mkono huo, na Baraka lazima ataniuliza mbele za watu. Mweleze huko huko kwamba si dharau. Kwa ule wa kulia nisingejua kama nimewashika.

Mumeo,
Baba Neema