Nafasi ya Mireille Chekecheani

Birmingham, 9 Septemba 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo Kigoma? Sisi wazima, ila Mireille ana mafua kidogo.

Nina neno zito. Unajua kiwanda chetu cha Tyseley kinanilipia chekechea ya Mireille. Ndiyo maana nimeweza kufanya kazi tangu baba yake afariki. Mwezi uliopita mshahara ulikuja pungufu sana. Barua ya kodi inasema ile chekechea inahesabiwa kama mshahara, kwa hiyo nakatwa kodi ya pesa ambayo sijaishika mkononi. Nikiendelea hivi, nikishalipa pango hapa Acocks Green, hakibaki cha kula. Nikimtoa mtoto chekecheani, kazi imekwisha.

Mama, nimlete kwako mpaka afike umri wa shule? Nimelia kabla ya kuandika hili.

Mwanao,
Sabine

Kigoma, 15 Septemba

Mwanangu Sabine,

Marahaba, na amani ya Bwana iwe nanyi. Mpe mtoto asali na maji ya vuguvugu. Mimi ni mzima.

Mlete. Mjukuu haombewi ruhusa kwa bibi yake. Niambie tu siku ya ndege.

Mama yako

Birmingham, 31 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Mafua yameisha. Nisamehe kwa kimya hiki.

Nilikuwa nimeshaulizia tiketi. Mwanzoni mwa mwezi nilikwenda ofisi ya mishahara kumfuta Mireille kwenye orodha ya chekechea. Pale yupo mzee Sukhdev, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kingali kizuri. Aliniuliza chekechea inaendeshwa na nani. Nikamwambia ni kiwanda chetu na viwanda viwili vya jirani, na meneja wetu yumo kwenye kamati yake. Akafungua faili, akalipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Dada, hii haikatwi kodi," akasema. "Kampuni ingekuwa inalipa ada tu kwenye chekechea ya watu wengine, hapo sawa. Lakini hii wanaigharimia na kuiendesha wenyewe. Sisi ndio tulioijaza vibaya kwenye fomu za kodi."

Aliwaandikia watu wa kodi siku ileile. Leo mshahara umeingia kamili, pamoja na kile nilichokatwa. Nimekaa kwenye ngazi za kiwanda, nakuandikia.

Mireille haji, mama. Najua ulikuwa unamsubiri. Usinikasirikie.

Mwanao,
Sabine

Kigoma, 6 Novemba

Sabine wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikamwita jirani yangu Fortunée nimsomee naye.

Sasa naweza kukuambia. Goti langu la kulia limevimba tangu Juni. Hata maji ananichotea Fortunée. Ulipoandika, nilimwuliza, "Mtoto wa miaka miwili nitamkimbiliaje?" Lakini nikakujibu umlete, maana ungemwambia nani mwingine? Kila asubuhi nilijizoeza kutembea mpaka kanisani. Sikuwahi kufika.

Usinigombeze kwa kunyamaza. Na wewe ulikuwa unakwenda kumtoa mtoto chekecheani kabla hujamwuliza mtu wa mishahara hata neno moja.

Jumatatu naenda kwa daktari. Mbusu mtoto hukohuko aliko.

Mama yako