Upande Usiochorwa wa Kitambaa cha Wening

Mwaka umezunguka, Mama Kasiyem, tangu asubuhi ile ulipoiweka chini kalamu yako ya nta ya kuchorea batiki, ukasema unajinyoosha kidogo, ukawa ndiyo umetuaga.

Hapa Laweyan, mtaa wetu wa Solo, hakuna aliyeingia kwako akatoka na njaa. Wewe mwenyewe ulifunga kila Jumatatu na Alhamisi ulipokuwa ukichora kitambaa cha harusi, maana ulisema tumbo lililoshiba hutetemesha mkono. Na maneno ulikuwa nayo! Panji wa Yogya alipokuja kumposa mjukuu wako Wening, ulimwambia mbele ya wazazi wake, "Ninyi kwenu mnaacha kitambaa cheupe kama vile rangi iliwaishia njiani. Huyu ataolewa amevaa kahawia yetu ya Solo, iliyoiva."

"Bibi, mimi hata ukinivika gunia nitavaa," Panji akajibu. Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Kitambaa hicho ulikiacha nusu. Ulishasema mkono mwingine usikiguse, nasi hatukuthubutu.

Lakini hukuondoka, Mama. Jiko halijawashwa, nta inanukia. Kigoda chako tunakikuta kimesogea karibu na dirisha, pale ulipopenda mwanga. Nta ikimdondoka fundi yeyote, tunasikia msonyo wako ule ule, na wanawake huitikia, "Samahani, Mama," bila kuinua macho. Mwanzoni tulikufa kwa woga. Baadaye woga wenyewe ukawa ndiyo namna ya kukaa nawe.

Harusi ni mwezi ujao, na kitambaa bado ni nusu. Alhamisi iliyopita Wening alifunga, akakaa mahali pako, akaipuliza kalamu nta isizibe, kama ulivyomfundisha. Hakufika mbali. Tone likaanguka katikati ya bawa la ndege ulilolichora wewe.

Kila fundi akaweka kalamu chini. Tulikuwa tunakusubiri.

"Bibi, nisonye basi," Wening akasema. "Hata kidogo tu, Bibi."

Hatukusikia kitu. Ndipo Baba, mumeo, ambaye hata makaburini hakutoa chozi, akaegemea ukuta akalia kwa sauti.

Tone lile hatukulikwangua. Wening anaendelea kuchora, na hakuna anayemkemea.

Tunaokukumbuka ni mumeo Darsono, binti yako Murtini na mumewe, mjukuu wako Wening, Panji, na mafundi wako wote. Hatutakusahau kamwe, Mama, hata sasa ambapo umekwenda kweli.