Kioo cha Samaki wa Mama Kulwa

Mtendeni, Tabora
Jumapili, baada ya chai

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Kabla hujaniuliza hali, kaa kitako, futa miwani, umwite na shemeji asikie: mdogo wako Shomari, fundi wa vyerehani ambaye hata umonita wa darasa la tatu ulimshinda, ametangazwa rasmi kuwa mfuta kioo cha samaki katika nyumba ya Mama Kulwa. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Hotuba sikutoa, maana aliyekuwepo kusikiliza ni paka.

Goti lako linaendeleaje? Hapo Kisarawe mvua imewaachia njia ya kupita? Mimi mzima, ila tumbo sasa linafika mlangoni kabla yangu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ungenikatiza kwa kicheko, na habari hii ina kisasi ndani yake. Inataka kusomwa polepole.

Mama Kulwa ndiye mwenye nyumba wangu, mkunga mstaafu, mjane. Sebuleni ana tangi la kioo lenye samaki wekundu watano, walioachwa na marehemu mumewe. Mpangaji mwenzangu ni Maganga, Mnyamwezi wa Sikonge, muuza asali, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Sasa unajua sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Kwa hiyo Maganga ana ruhusa ya kunitukana kuanzia mswaki hadi chakula cha jioni, nami vilevile.

Lakini siku ya harusi ya binti wa Mama Kulwa alipitiliza. Alinipokonya kofia mbele ya wageni wote.

"Jamani, babu yake huyu alitupa mzigo wa babu yangu njiani, akakimbilia kwao pwani. Leo nimemkamata. Kofia hairudi mpaka amalize zamu."

Akanitwika gunia la mahindi nizunguke nalo uani. Nikazunguka. Kanzu ikapasuka nyuma, kiunoni kushuka chini, na bukta niliyovaa ndani, dada, ni ile uliyonishonea wewe, ya maua. Watu walicheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja. Nami nikacheka, maana mtani hakasirikiwi. Ila nilicheka kwa meno tu. Moyoni nilisema, Maganga, nitakushika pale unapojivunia.

Na anachojivunia ni kile kioo. Kila Jumamosi, tangu marehemu afariki, anakifuta kama anayemwogesha mtoto mchanga. Ana vitambaa viwili vya fulana kuukuu ambavyo havijawahi kuona sabuni. Kimoja anakilowesha kwa maji matupu, anakikamua uani, anafuta kutoka juu kwenda chini. Penye madoa meupe ya chumvi anatia siki kidogo kwenye kitambaa, hukohuko uani. Cha pili ni cha kukaushia.

Basi Ijumaa moja, alipokwenda Sikonge kufuata asali, nilichovya vidole kwenye mafuta ya alizeti nikavipitisha kwenye kioo kizima. Mama Kulwa akaona.

"Huyu Maganga siku hizi anafutia mikono ya mafuta?"

"Uzee huo, mama," nikajibu kwa huruma kubwa.

Jumamosi nikakisafisha mimi, kikang'aa. Jioni ileile samaki mkubwa, ambaye marehemu alimwita Bwana Afya, akafa. Mama akasema ni mafuta ya Maganga. Maganga akavuliwa kazi, na vitambaa sasa viko kwangu. Kisasi kimetimia.

Nisalimie shemeji, mwambie jogoo aliyeniahidi sasa atakuwa ameota meno. Nisalimie shangazi, yule anayesikia anachotaka tu, na binti yako mwalimu, asiisahihishe barua hii.

Nilitaka kutia sahihi hapa, dada. Lakini wewe ndiye uliyenilea, utajua kuna mahali nimeruka.

Jumamosi ile nilinunua dawa ya kioo, ile ya buluu ya kupuliza. Nilitaka king'ae kuliko anavyoking'arisha Maganga. Alishaniambia mara nyingi: "Dawa hairushwi hapa. Samaki anavuta maji kama wewe unavyovuta hewa." Nikakipulizia palepale, na mfuniko nilikuwa nimeusogeza nione pembe vizuri. Mvuke wake ukaingia majini. Adhuhuri samaki wote walikuwa juu, wanahema midomo wazi. Nikateka maji ya tangi kwa kikombe nikayamwaga, nikaongeza yale ambayo Maganga huyaacha kwenye ndoo yatulie. Wanne wakapona. Bwana Afya hakupona.

Maganga aliporudi alinusa, akanitazama mara moja. Mama alipomuuliza, akainama: "Huenda ni mikono yangu, mama. Nisamehe."

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikamweleza Mama Kulwa yote. Aliendelea kuchambua mchele.

"Kioo utakifuta wewe mpaka utakapohama hapa. Na Maganga atakaa kwenye kiti cha mume wangu akikuangalia. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nikamkuta barazani anachuja asali. Nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Ilikuwa inanuka mpaka hapa nje."

"Sasa mbona ulinibebea?"

"Nilidhani ni utani. Nikawa nangoja ucheke, na mimi nicheke, tumwambie mama pamoja."



Tangu siku hiyo hanitanii, dada. Ananiita Bwana Shomari. Ananipisha mlangoni, ananiuliza nimeamkaje. Jana nilimtukania babu yake wa saba, kwa sauti, mbele ya wateja wake. Akafunika ndoo ya asali taratibu, akasema, "Ahsante, Bwana Shomari. Karibu kiti."

Mdogo wako,
Shomari